Abraham Block: Mshona matela aliyenunua hoteli kubwa ya Nairobi

Kiwanja. Hapa kwetu, familia ikitangaza kwamba inahama, watu wanauliza mapema kama iko na makuta ya kutosha, na kule inakokwenda wanauliza baadaye. Tunajua namna inavyokwenda. Mbuzi aliyenunuliwa dolari 60 anauzwa 25 kwa sababu mnunuzi ameona haraka yako. Mabati yanaachiwa jirani. Parsele inabaki na karatasi yake inaingia kwenye mfuko wa mama. Halafu kunakuja mabishano ya usiku: baba atangulie Uganda peke yake na atume pesa nyuma, ao wote waende pamoja na wafike mikono mitupu?

Wiki hizi, tukiwa tunazungumza habari hizo kwenye redio, nimekuwa nikisoma maisha ya mzee mmoja ambaye familia yake ilipita katika hesabu hizo hizo, mara mbili ao tatu, kabla hajaweza kukaa mahali pamoja. Anaitwa Abraham Block. Mjini Nairobi jina lake ni kubwa. Wafanyabiashara wetu wanaopita kule wamekwisha kuona hoteli ya Norfolk, hata kama hawajaingia ndani. Mwenye kuinunua alikuwa yeye, na kazi yake ya kwanza yenye faida katika hoteli hiyo ilikuwa kushona matela.

Block alizaliwa mwaka 1883 huko Lituania, nchi ya baridi iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mwaka mmoja tu kabla hajazaliwa, serikali ya Urusi ilitoa amri za mwezi wa tano 1882, zilizokataza Wayahudi kukaa vijijini upya na kununua mashamba nje ya miji. Tayari walikuwa wamefungiwa katika majimbo fulani tu ya ufalme ule. Elewa vizuri maana yake kwa mfuko wa familia: huwezi kulima kwako, hivyo unabaki fundi ao mchuuzi katika mji mdogo uliojaa mafundi na wachuuzi kama wewe. Kuna washonaji kumi, na wateja ni wa washonaji watatu. Pamoja na hayo kulikuwa na jeshi la mfalme lililochukua vijana, na siku zingine makundi yaliyovunja nyumba na maduka ya Wayahudi.

Njo maana walianza kuondoka kwa wingi. Wengi walikwenda Marekani, lakini wale wa Lituania walipenda sana Afrika Kusini, kwa sababu kulikuwa kumegunduliwa almasi na dhahabu. Utaratibu wao tunaujua bila kufundishwa. Familia ilikopa, ikauza kilichouzika, ikapata tikiti moja ya meli. Tikiti hiyo ilikuwa ya baba ao ya kijana mwenye nguvu. Akifika, anachuuza sindano na vitambaa mashambani, analala kwa ndugu wa kijiji chake, na anaweka shilingi juu ya shilingi mpaka apate tikiti ya pili. Miaka ilipita kati ya tikiti ya kwanza na ya mwisho. Kuna watoto waliokutana na baba yao bila kumtambua sura. Baba yake Abraham, Samuel, alikwenda huko, na kijana naye akafika Afrika Kusini.

Alikuta vita. Toka 1899 mpaka 1902 Waingereza na Makaburu walipigana, mashamba yakachomwa moto, biashara zikafungwa. Kijana aliyekimbia shida moja akajikuta ndani ya nyingine. Hapa wasomaji wa Rutshuru sina haja ya kuwaeleza zaidi.

Mwishoni mwa 1902 waziri wa Uingereza aliyesimamia makoloni, Joseph Chamberlain, alipita Mombasa, akapanda treni mpya kuangalia nchi, kisha akaendelea mpaka Afrika Kusini. Reli hiyo kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria ilikuwa imekula pesa nyingi za walipa kodi wa Uingereza, zaidi ya milioni 5 za pauni, na treni zilitembea karibu tupu. Serikali ilihitaji watu wa kulima kando ya reli ili mizigo ipatikane. Chamberlain alisifu nchi hiyo kila alipopita, na inasimuliwa kwamba Block ni mmoja wa waliosikia sifa zile huko Johannesburg na akaziamini.

Mwaka 1903 alishuka Mombasa. Alikuwa na miaka 20. Wanaosimulia habari zake wanasema alikuja na farasi wadogo wa Basuto, mbegu za maharagwe, njegere, viazi na kitani, na pauni chache mfukoni. Mimi nimeikalia sana orodha hii. Kijana huyu hakubeba kiti, hakubeba sahani. Alibeba vitu vinavyozaa: mbegu, na mnyama anayefanya kazi. Mwaka 2008 tulipokimbia, jirani yetu alibeba redio kubwa na spika zake. Shangazi yangu alibeba kichwa cha mashine ya kushona, bila meza yake. Miezi miwili baadaye spika zilikuwa zimeuzwa, lakini mashine ilikuwa inalisha watu saba.

Mwaka ule ule wa 1903 kulitokea jambo ambalo watu wengi hapa hawalijui. Serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Wayahudi wa dunia ahadi ya ardhi katika Afrika ya Mashariki ili Wayahudi wanaoteswa Urusi wahamie huko. Mpango uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni nyanda za Uasin Gishu, ambako leo ni Kenya, upande wa Eldoret. Waliahidiwa eneo la karibu kilomita mraba 13,000. Mkutano wao mkubwa uliofanyika Basel, Uswisi, ulibishana vikali, kisha ukatuma watu watatu kuangalia. Waliporudi hawakusifu sana. Mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Wazungu walowezi wa Nairobi, Lord Delamere akiwa mbele, nao walikuwa wamepiga kelele kwamba hawataki Wayahudi maskini waletwe. Wanandi na Wamasai, wenye kuchungia ng'ombe kule, hakuna aliyewauliza kitu.

Block basi hakuja na mpango wowote wa kugharamiwa. Alikuja kwa pesa yake na hatari yake. Alilima pembeni ya Nairobi, upande wa Kiambu, na shamba halikumtajirisha. Mbegu zilistawi na zingine zikafa, mvua ilikuja na kukosa, na hata mavuno yakiwa mazuri mji ulikuwa mdogo, wanunuzi wachache. Kila mkulima wa hapa anajua mwaka ambao maharagwe yamejaa na bei imekufa.

Sasa tufike kwenye matela. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Noeli 1904. Ilijengwa na Waingereza wawili, Ringer na Winearls, na ilitaka kupokea mabwana wakubwa wanaokuja kuwinda simba. Mabwana wakubwa hawalali kwenye mkeka. Kuagiza magodoro kutoka Ulaya ilikuwa miezi baharini na pesa mingi. Block akaona nafasi. Inasimuliwa kwamba aliokota majani yaliyofyekwa kando ya reli, akayakausha, akapata kitambaa kigumu kwa wafanyabiashara Wahindi wa bazaar, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sindano ndefu ya kushonea godoro, alitengenezewa moja kwa spoki ya baiskeli. Majani hayakumgharimu kitu. Spoki nayo vilevile karibu bure. Kitambaa ndicho kilichotaka pesa, na pesa ya kitambaa ingerudi hoteli ikilipa.

Ukiangalia vizuri, pale ndipo mkulima aligeuka mfanyabiashara. Aliendelea kushika shamba, lakini tangu pale alinunua na kuuza alichoona kinahitajika, akaweka akiba, akanunua viwanja vya mji wakati bei ilikuwa chini.

Hata hivyo nisiandike kama vile ilikuwa akili yake peke yake. Block alikuwa maskini, lakini alikuwa mzungu katika koloni la Waingereza. Sheria ya ardhi ya 1902 ilimruhusu mgeni kama yeye kupewa ama kukodishwa mamia ya ekari kwa bei ndogo, na ekari hizo zilikuwa na wenyewe, Wakikuyu wa Kiambu ambao siku hiyo hiyo walikuwa wanatozwa kodi ya kichwa cha nyumba. Mkikuyu mwenye spoki ya baiskeli na majani makavu asingefika kwenye mlango wa mbele wa Norfolk. Sisi wa Rutshuru tunaojua historia ya plantesheni za kahawa na ya mipaka ya hifadhi ya Virunga, hatuwezi kusoma maisha ya mlowezi yeyote na kusahau upande huo.

Wayahudi wa Nairobi wakati ule walikuwa familia chache sana. Walipata kwanza mahali pa kuzika, kisha kabla ya vita vya kwanza vya dunia wakajenga sinagogi. Block alimwoa Sarah Tulipman, mwanamke Myahudi kutoka Palestina ya wakati ule, na wakapata watoto, kati yao wavulana wawili, Jack na Tubby, ambao tutawakuta tena. Kumpata mke wa dini yake mbali namna ile nayo ilikuwa gharama ya kuhama: safari ya meli, zawadi, nyumba inayofaa, vyote juu ya faida ya biashara iliyokuwa bado changa.

Kisha kulikuja pigo la pesa ambalo halikutokana na mvua wala nzige. Koloni lilitumia rupia za India. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa pauni 1. Baada ya vita thamani ya rupia ikapanda, na mwaka 1920 serikali ikaamua kwamba rupia 10 ndizo pauni 1. Kwa mtu asiye na deni ni sawa. Lakini piga hesabu ya mkulima mwenye deni la benki la rupia 15,000. Jana alihitaji kuuza kahawa ya pauni 1,000 huko London ili amalize. Asubuhi inayofuata ni pauni 1,500, na hakukopa hata senti moja zaidi. Mashamba mengi yaliingia mikononi mwa benki. Muda mfupi baadaye rupia ikafutwa kabisa na ikaja shilingi. Hapa tunapanga bei kwa dolari na kulipa kwa franga, na siku dolari ikiruka, mama wa likirimba aliyekopa kwa dolari na kuuza nyanya kwa franga analia kilio kile kile cha mwaka 1920.

Block alivuka kipindi hicho, na mwaka 1927 akainunua Norfolk, hoteli ile ile aliyoishonea matela. Zilikuwa zimepita miaka 23. Barabara inayopita mbele yake ilikuwa tayari na kumbukumbu ya damu: tarehe 16 mwezi wa tatu 1922 watu waliokusanyika karibu na hapo kudai kiongozi wao Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi na polisi, na wazungu waliokuwa kwenye baraza la Norfolk nao wakafyatua bunduki. Leo barabara ile inaitwa Harry Thuku.

Hoteli haikuwa imemaliza hesabu zake za uhamiaji. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala Ujerumani, na Wayahudi wa kule wakaanza kutafuta pa kwenda. Tofauti na Walituania wa zamani, wengi wao hawakuwa maskini. Walikuwa madaktari, mawakili, wenye maduka. Serikali ya Wanazi ikahakikisha wanaondoka maskini. Kulikuwa na kodi ya kuikimbia nchi, robo nzima ya mali ya mwenye mali ya kutosha. Kilichobaki kiliwekwa kwenye akaunti iliyofungwa, na anayetaka kukitoa kwa pesa ya nje alikatwa mpaka kikabaki kidogo sana. Mfukoni mtu aliruhusiwa kuvuka mpaka na mark 10. Mark 10 haikufika hata pauni 1.

Upande wa pili, Kenya ya Waingereza ilidai mhamiaji aweke dhamana ya pauni 50 kwa kila mtu, ili asije kuwa mzigo wa serikali. Mume na mke peke yao ni pauni 100. Weka kando ya mark 10 zao na uone shimo lilivyo. Anayetoka haruhusiwi kubeba pesa, na anakokwenda hapokelewi bila pesa. Watu walikufa ndani ya shimo hilo, siyo kwa sababu hawakutaka kuondoka, bali juu hawakupata wa kuwalipia. Baada ya usiku wa tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka 1938, wakati masinagogi yalichomwa na wanaume karibu 30,000 wakapelekwa kambini, wengi wangeachiliwa kama wangeonyesha karatasi ya nchi itakayowapokea.

Hapo jamii ndogo ya Wayahudi wa Nairobi, ambayo Block alikuwa mmoja wa wazee wake, ilikusanya pesa na kuweka dhamana kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua. Wakimbizi waliofika walitafutiwa kazi mashambani. Mmoja wao ni Walter Zweig, wakili aliyefika mwaka 1938, halafu mke na binti yao wakamfuata. Sheria za Ujerumani hazikuwa na faida yoyote Rift Valley, hivyo wakili akawa msimamizi wa shamba la mtu mwingine. Binti yake Stefanie aliandika kitabu baada ya miaka mingi, na sinema iliyotengenezwa kutokana nacho ilipata tuzo ya Oscar. Ndani ya simulizi hiyo mume anamwandikia mke anunue friji kabla ya kuondoka, na mke anafika na gauni la sherehe. Watu wanacheka. Lakini kwa aliyekatazwa kubeba pesa, kugeuza pesa kuwa vitu ndiyo njia pekee iliyobaki, na mtu ambaye hajaona shamba la Afrika atajuaje kitu gani kitafaa?

Vita vilipolipuka 1939, Waingereza waliwakamata wote wenye pasipoti ya Ujerumani, hata Wayahudi waliomkimbia Hitler. Wanaume walitiwa kambini. Wanawake na watoto wakawekwa hotelini, na kati ya hoteli hizo ni Norfolk ya Block. Wafungwa wakalala kwenye vitanda vya mtu aliyefika nchini kama wao.

Kongo nayo ina sehemu katika habari hizi. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania, walikuja Katanga tangu mwanzo wa karne iliyopita, kijana mmoja akimvuta ndugu yake kufanya kazi dukani mwake. Walichuuza vitambaa na samaki, na mji wa Lubumbashi bado una sinagogi lao. Italia iliyotawala kisiwa ilipotoa sheria dhidi ya Wayahudi mwaka 1938, wenye ndugu Kongo na pesa ya tikiti walitoka. Waliobaki, watu karibu 1,700, walichukuliwa na Wajerumani mwezi wa saba 1944 na kupelekwa Auschwitz, na wachache sana walirudi.

Baada ya vita Block alikuwa tajiri wa kweli. Mwaka 1947 familia ikachukua New Stanley, hoteli nyingine kubwa ya Nairobi. Watoto wake Jack na Tubby wakaiendesha kampuni pamoja naye na kuipanua mpaka kwenye mbuga za wanyama. Ilipita hali ya hatari ya Mau Mau toka 1952, na uhuru ulipokaribia walowezi wengi waliuza haraka, kwa bei za haraka, wakaenda Afrika Kusini na Australia. Mzee Block hakuhama tena. Uhuru ulimkuta Nairobi, tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1963, akiwa na miaka 80.

Alifariki mwaka 1965. Watoto waliendelea na hoteli. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1981, tarehe 31 mwezi wa 12, bomu lililipuka ndani ya Norfolk na kuua watu wengi waliokuwa wakila sherehe. Hoteli ikajengwa upya. Baadaye familia iliuza, na wenye kuishika leo ni wengine. Mahali ni pale pale, barabara ya Harry Thuku, ngambo ya jengo la taifa la michezo ya kuigiza, na msafiri wa Kiwanja akiteremka Nairobi anaweza kuifikia kwa miguu kutoka katikati ya mji.